Ngumi ya Mama Masikio

Kiwandani wanamwita Mama Masikio, ilhali kutwa nzima ameyaziba masikio hayo kwa ajili ya kelele za rola zinazokandamiza chuma. Bamba la chuma likipita, jekundu kama kaa la moto, leza yake hulipiga likatoa mlio usiosikika. Leza ya pili huupokea mlio huo, na skrini humwonyesha kama chembe za ndani ni laini au zimenenepa. Hata hivyo yeye huinamisha kichwa, utadhani anasikia, kisha hupangusa kioo cha mtambo polepole, kama anayempangusa mtoto uso. Mzee wa rola alizoea kusubiri chuma kipoe, kikatwe kipande, kipelekwe maabara. Habari za kupima chuma kwa mwanga hazikumwingia akilini. Leo, bamba la daraja likiwa kwenye rola, mama aliinua ngumi kumpa ishara.

"Chembe zinanenepa, mzee wangu! Ongeza maji, la sivyo daraja litakuja kupasuka na watu juu yake!"

"Siku hizi naamrishwa na taa?" mzee alifoka, lakini koki akaifungua. Mvuke ukatanda. Bamba likarudi, likapita tena, na ngumi ya mama ikafunguka kidole kimoja kimoja mpaka ikawa kiganja. Bamba lililofuata lilipochomoza likiwaka, macho ya mzee hayakuwa kwenye chuma. Alikuwa ameshika koki, shingo kaigeuza, anausubiri mkono wa mama.