Mke Mwenza wa Kwenye Barafu

Kitendawili.

Semeni "tega", hata kama mnasoma kimoyomoyo. Mimi nitasikia.

Nina mke mwenza. Hali chakula changu, halali kitandani kwangu, hajawahi kukanyaga mlango wangu. Lakini saa moja jioni ikifika, mume wangu anambembeleza mbele ya majirani wote, na majirani wanapiga makofi. Ni nani?

Msijisumbue, jibu nawapa mwenyewe.

Ni mwanamke wa kwenye televisheni. Anaendesha mashine ya kulainisha barafu.

Najua mmeguna. Kaeni vizuri niwaeleze.

Mume wangu alikuwa mtangazaji wa kituo cha mabasi. Miaka thelathini na mbili amekaa kwenye kibanda cha kioo kule juu, akitangaza basi lipi linaondoka, nani amesahau mzigo, mtoto wa nani amepotea. Sauti yake nzito, tamu, utadhani mtu anakufunika blanketi. Watu wakambatiza Kipaza.

Alipostaafu, akakaa nyumbani miaka kadhaa, ndipo studio moja ikamchukua. Wao wanatafuta tamthilia za nje, wanazitia sauti za Kiswahili. Kipaza akapewa sauti ya kocha.

Kocha wa mpira wa magongo. Sio ule wa uwanjani kwenye nyasi. Huu unachezwa juu ya barafu.

Mimi nilikuwa sijawahi kuuona. Watu wazima na ndevu zao wamevaa viatu vyenye visu chini, wamejazwa masponji mwili mzima, wanakimbizana na kitu cheusi kama kopo la dawa ya viatu. Wakikasirika wanapigana ngumi, na refa anawaangalia kwanza, kama hana haraka ya kwenda popote. Halafu mwenye kosa anafungiwa kwenye kibanda pembeni, dakika mbili, ametulia kama mtoto aliyemwaga maziwa.

Mchezo niliupenda. Tatizo lilikuwa kocha.

Kocha amefiwa na mke. Sasa wachezaji wakienda mapumziko, anaingia mama mmoja na mashine kubwa kama trekta, anazunguka taratibu, na barafu yote iliyochanikachanika inabaki kioo kitupu. Kocha anasimama ukingoni, anamwangalia. Anafungua mdomo.

Na mdomo ule ukifunguka, inatoka sauti ya mume wangu.

"Ukipita hapa, hata mimi najiona nimenyooshwa. Siku usipokuja, kazi yangu ni kuhesabu nyufa."

Jamani.

Huyu ni mtu ambaye nyumbani neno lake refu ni "mm". Chai imekolea? Mm. Binti yako kapiga simu? Mm. Nimeshonesha gauni jipya, nazunguka mbele yake kama ile mashine? Mm.

Siku aliyonitongoza, pale kituoni nikingoja basi la kazini, alitumia maneno manane. Niliyahesabu. "Mimi nakutaka. Kama na wewe unanitaka, niambie kesho." Basi. Vijana mnaita domo zege. Lake lilikuwa zege lenye nondo ndani.

Leo anambembeleza mtu wa kwenye barafu.

Majirani walikuwa wanajaa sebuleni kwangu, maana kuangalia tamthilia kwa mwenye sauti kuna raha yake. Fundi cherehani wa nyumba ya pili ananigonga bega.

"Shoga, kumbe miaka yote ulikuwa unalamba asali peke yako, umetuficha."

Nikacheka. Walichokiona ni meno.

Mjukuu wangu wa kike, tunaishi naye, ndiye ananiandikia haya pale vidole vyangu vinaponishinda, naye akadakia: "Babu ni noma. Wavulana wa chuoni kwetu waje wachukue masomo."

Babu yake yuko kwenye kiti chake, anachokonoa meno.

"Mm," akasema.

Wivu ukanishika. Na ukishakuwa na wivu, macho yanaota hata kisogoni. Nikaanza kuona mambo. Alhamisi ndiyo siku yake ya studio. Alhamisi anaoga mara mbili. Shati lina pasi ya kukata kidole. Marashi. Sasa niambieni, sauti inahitaji marashi?

Nikamkuta anapiga viatu brashi.

"Baba watoto, yale maneno unamwambia nani?"

"Ni kazi, mama."

"Kazi gani mtu anaisema huku anatabasamu? Sikuoni, lakini nasikia."

Brashi ikaendelea.

Alhamisi iliyofuata nikafanya ujanja. Mungu anisamehe. Nikamfichia miwani ya kusomea ndani ya pipa la unga. Akatafuta, akachoka, akaondoka bila miwani. Nikasubiri nusu saa, nikaifuta, nikaitia kwenye pochi, nikamfuata. Mke anampelekea mumewe miwani. Nani atanisema?

Nilishajua nitamkuta amekaa bega kwa bega na mwanamke mwenye sauti ya yule wa mashine. Maneno ya kumwambia nilikuwa nimeyapanga njiani, mengine siyo ya kuandika hapa.

Studio yenyewe ni vyumba viwili. Kimoja kimebandikwa sponji mpaka darini, na katikati kuna kioo. Upande wa huku alikuwepo fundi sauti, baba mmoja mwenye kipara, mkarimu, akanipa stuli yake.

Upande wa pili wa kioo, mume wangu. Peke yake.

"Mwenzake yuko wapi?" nikauliza.

"Mwenzake yupi, mama? Hapa wanaingia mmoja mmoja, kila mtu na siku yake. Mimi ndiye nawaunganisha. Yule mama wa mashine na mzee hawajawahi hata kusalimiana."

Pumzi niliyoishusha, nadhani ilisikika kwenye mitambo.

"Nimemletea miwani."

"Ya nini? Mzee karatasi huwa anaiweka chini. Mfasiri anaandika sentensi fupi, ikiisha mdomo wa kocha bado unatafuna hewa. Mzee anajazia. Yale matamu yote mnayoyasikia anayatoa kichwani kwake."

Pumzi yangu ikarudi ndani.

Kwa hiyo hakuandikiwa. Anayo. Miaka yote anayo, na hanipi.

Picha ikaanza kutembea. Mama wa mashine anataka kushuka. Kipaza akasogea karibu, akafumba macho kidogo, sauti yake ikatujia kwenye spika:

"Usishuke kwanza. Zunguka tena mara moja nikutazame, Namba Saba wangu."

Fundi akabonyeza, picha ikaganda.

"Mzee, turudie. Umesema tena Namba Saba." Akanigeukia, anacheka mpaka kipara kinang'aa. "Kila wiki hivi hivi. Anachanganya. Namba saba ni yule mchezaji mwenye ndevu. Nisipokata, watu watasikia kocha anambembeleza mwenye ndevu."

Mimi sikucheka. Nilikuwa namwangalia mume wangu kwenye kioo. Yeye hakuwa na sura ya mtu aliyechanganya. Alishika paji la uso, akainama, kama mtu aliyefumaniwa.

Nikaacha miwani mezani, nikatoka.

Alirudi ameivaa. Alijua nilifika.

"Namba Saba ni nani?"

Akainama kufungua kamba za viatu.

Nilisubiri hata "mm". Haikuja. Hapo ndipo nilipoogopa, maana mtu wangu namjua. "Mm" yake ni ya mambo madogo. Akinyamaza kabisa, ujue kuna kitu.

Sikusubiri zaidi. Nikabeba mto wangu, nikahamia chumbani kwa mjukuu. Wachezaji wa barafu wanafungiwa dakika mbili. Mimi nilimfungia siku tisa.

Siku tisa za hesabu mbaya. Kama yupo namba saba, moja mpaka sita ni akina nani? Na mimi je? Miaka arobaini na moja nimo ndani ya ndoa, kumbe nimo kwenye foleni, tena sijui nimesimama wapi.

Nikatoa picha ya siku aliyoagwa kazini, wafanyakazi wote wa kituo wamejipanga. Nikahesabu kutoka kushoto mpaka wa saba. Alikuwa mkuu wa kituo, ana kitambi na masharubu. Nikahesabu kutoka kulia. Nikaangukia kwa mkata tiketi mwenye mwanya, na usiku ule mwanya wake ulinitembelea mpaka asubuhi.

Wanawake wote wa kale wakafufuka. Yule aliyekuwa anamchekea sana. Yule aliyemletea embe. Nikamkumbuka hata mmoja aliyeshamaliza maisha yake, Mungu amrehemu, nikamwonea wivu humo humo alimo.

Saa moja jioni tunakaa sebuleni kama kawaida. Kocha anabembeleza. Fundi cherehani ananiangalia kwa pembe ya jicho.

"Shoga, mbona umekaa kama mwenye jino bovu?"

"Ni jino," nikamjibu.

Mjukuu akawa mjumbe wa pande mbili.

"Bibi, babu anauliza kama bado una hasira."

"Mwambie aje aulize mwenyewe. Mdomo si anao? Mji mzima unaufahamu."

"Bibi, chakula hajagusa."

"Mpelekee yule wa mashine aende akamlishe."

Nilikuwa nasema hivyo, halafu nageukia ukutani nalia. Sikuwa namlilia mwanamke wa televisheni. Nilitaka kujua kitu kimoja tu: kama miaka yote ile nililala ubavuni mwa mtu aliyekuwa anamuota mwingine, na mimi kazi yangu ilikuwa kumpikia chai.

Siku ya tisa nikapanga nguo. Begi nikaliweka mlangoni. Binti yetu mkubwa alishaandaa kitanda.

Ikafika saa moja. Majirani wanaingia na viti vyao. Kipaza akasimama, akazima televisheni.

"Leo hakuna," akasema. "Nendeni nyumbani."

Fundi cherehani akakikunja kiti chake. Wakatoka mmoja mmoja. Mjukuu akajifanya ana nguo za kuanua.

Somo nawapa hapa hapa, wajukuu zangu, kwa sababu mbele ya hapo sina la kuongeza. Wivu usikukataze kuuliza. Uliza. Lakini ukishauliza, kaa hapo hapo usubiri jibu hata likichelewa. Mimi niliuliza nikakimbia na mto, nikakonda siku tisa.

Safari hii nikakaa. Juu ya begi langu, pale mlangoni.

"Namba Saba ni nani?"

Akavua miwani. Akaiweka, akaichukua, akaiweka tena.

"Kile kituo cha mabasi," akasema, "nguzo zilikuwa na namba. Ya saba ilikuwa ya basi la hospitali. Kulikuwa na msichana wa kufua mashuka, kila asubuhi ameegemea pale. Jina lake sikulijua."

Nikaitazama mikono yangu, iliyofua mashuka yale kabla sijaolewa.

"Nilikuwa nazima swichi ya kipaza sauti, naongea naye kupitia kioo. Kila asubuhi, mwaka na miezi minne. Siku nilipopata moyo wa kushuka ngazi, maneno nilikuwa nimeshayamaliza. Sasa kile chumba cha studio ni kama kibanda changu. Kioo, kipaza, mtu mmoja. Nikiingia mle yanarudi."

"Na miaka arobaini na moja yote," nikasema, "ulishindwa kuniambia hata moja?"

Akanitazama kama mtu anayeshangaa kwamba sijui.

"Ulikuwa unainua uso, unatabasamu," akasema. "Nilidhani unayasikia."