Hatari Zisizosomwa Mkutanoni

Isihaka Nangomwa alisoma maji ya Ruvuma kwa miaka tisa. Kila asubuhi alishuka kutoka kwake Mahurunga hadi kwenye nguzo ya kipimo, akatazama maji yamefika alama gani, akaandika kwenye daftari la serikali. Aliujua mto kama mtu anavyomjua jirani mkorofi.

Mwaka 1972 Bwana Maendeleo, kijana msomi kutoka bara aliyeitwa Filipo Kasanda, alimwita ofisini mjini. Palitakiwa andiko la mradi wa mpunga: pampu bondeni, na kaya arobaini zihamie hukohuko. Andiko lieleze kwa nini mradi ufanywe, faida yake, kama hakuna mahali pengine panapofaa zaidi, na hatari zake. Bila hilo wakubwa wasingeidhinisha kitu.

"Mzee Isihaka, nisaidie hapo kwenye hatari."

Isihaka akafungua daftari. "Mwaka sitini na saba maji yalifika unapotaka kuweka pampu. Yalinifika hapa," akajigusa kifua. "Kule kwenye mwinuko hayajafika hata siku moja. Iweke huko."

"Huko tutahitaji mabomba marefu. Faida haitaonekana."

"Basi waandikie hivyohivyo, waamue wenyewe."

Filipo akaandika ukurasa mzima. Isihaka akarudi nyumbani ametulia.

Miezi mitatu baadaye andiko lilipitishwa, likasomwa mbele ya wanakijiji. Magunia, shule, zahanati. Watu wakapiga vigelegele. Isihaka alingoja kusikia habari za maji mpaka mkutano ukafungwa. Akamfuata Filipo kwenye gari.

"Ule ukurasa uko wapi?"

Filipo alitazama viatu vyake. "Ungekuwemo wangetunyima, mzee wangu. Mengine tutayarekebisha mbele ya safari."

Watu wakahamia. Hamisa, dada yake Isihaka, mjane, naye akapata nyumba karibu na pampu. Kila alipoonywa alicheka. "Kaka, serikali itutie majini kweli?"

Msimu wa kwanza mpunga ulikubali sana, na hilo ndilo lililomtisha Isihaka: sasa hakuna aliyemsikiliza. Akaanza kusoma maji mara mbili kwa siku.

Machi 1974 mto uligeuka mwekundu. Mahurunga mvua haikunyesha kwa siku nne, ila maji yalishuka kutoka juu ya mto na miti mizima, mizizi juu. Kati ya alfajiri na adhuhuri yalipanda shubiri tatu. Isihaka akakimbia nyumba kwa nyumba.

"Tokeni! Acheni vyombo!"

Wengi walitoka. Hamisa alitoka pia, kisha akarudi kumfungua mbuzi wake. Isihaka alimwona akizunguka nyuma ya banda la pampu. Banda likainama polepole, likaondoka na maji.

Walimpata baada ya siku mbili.

Filipo alikuja mazikoni, akasimama nyuma kabisa. Isihaka alimwendea, mikono bado ina udongo.

"Uliwaandikia faida. Sasa waandikie na jina la dada yangu."

Kabla ya mwezi kwisha Filipo alihamishwa.

Mwaka uliofuata alikuja ofisa mwingine, Emmanueli, na ramani mpya ya bonde lilelile. Isihaka hakumkaribisha kiti.

"Namba nitakupa. Utaziandika mbele yangu, na watu watasomewa zote kabla yeyote hajahamisha kitanda."

Emmanueli akakubali. Wakashuka pamoja kwenye nguzo. Mto ulikuwa mdogo, umetulia, na Isihaka hakuuamini hata kidogo.