Udongo Uliokamatwa

Baraza lilianza Alhamisi saa nne na dakika kumi asubuhi, likizo ya Agosti, mwaka wa sabini na sita. Niliandika saa hiyo kwenye daftari langu, nikiwa nimekaa nyuma ya watu wote, mahali ninapopenda.

Tulikuwa bondeni, kando ya barabara ya Malaba, malori yamepanga foleni yakingojea kuvuka mpaka. Mbele yetu palikuwa na matope tu. Chini yake, hadi Jumatatu, palikuwa na chemchemi ya Tata, kikongwe jirani yetu. Kwetu sisi Wateso, tata ni nyanya. Mvua ya Jumatatu ilishusha udongo wa mlimani ukaifunika. Sasa alikuwa anachota maji ya mtaroni, yanayopita kando ya malori, mafuta yakielea juu.

Naibu wa chifu alisimama. "Mwenye udongo huu atauzoa kwa jembe lake mwenyewe, na atampa huyu mama jogoo. Haya, ni wa nani?"

Wanaume watatu wenye mashamba huko juu, baba yangu akiwemo, waliangalia malori.

"Yangu haitokangi nje," alisema wa kwanza. "Iko na adabu."

"Pengine ni ya Uganda," alisema wa pili.

"Mzee, Uganda iko ng'ambo ya mto," mtu alidakia. "Udongo inaogelea?"

"Na hii magendo ya siku hizi, nini haivuki?"

Watu walicheka. Mimi sikucheka, maana nilijua ulikotoka. Kila likizo mimi ndiye ninayeongoza ng'ombe, baba akishika plau. Ukilima kwa kuukata mlima, upande hadi upande, kila mfuo unaishia kwenye barabara inayopanda kando ya shamba, na hapo madereva wanakuita 'sista'. Mwaka jana nilichoka na aibu. Nikamwambia baba kwamba shuleni tunafundishwa kulima kutoka juu kwenda chini, moja kwa moja. Akaniamini. Mimi ndiye niliyesoma. Tangu hapo mvua inateremka na mifuo yetu.

Tata akaomba nafasi. "Mimi nataka maji tu. Udongo si mbaya. Ile ya mwaka jana iliingia kwa nduma zangu, zikawa hivi." Akaonyesha kwa mikono gimbi kubwa kama kichwa cha mtoto.

Yule wa kwanza akainama, akachota matope, akayageuza kiganjani. "Sasa nikiangalia vizuri, hii rangi ni yangu."

"Si yako iko na adabu?" mtu alimkumbusha.

"Ilikuja kutembea tu. Hizo nduma ni zangu."

"Zako wapi? Mimi ndiye niliweka mbolea!" alisema wa pili.

Hata baba, mtu mpole, aliinuka. "Hizo nduma zimekula shamba langu."

"Kwa hivyo nyinyi watatu mtazoa?" aliuliza naibu.

"Ile iko kwa nduma ni yangu," alisema wa kwanza. "Ile iko kwa maji, hiyo sijui."

Ilipofika saa nane naibu alichoka, akatangaza kwamba udongo umekamatwa. Asiuguse mtu mpaka mwenyewe ajulikane. Akaacha askari mmoja na kiti. Tata alipochukua jembe, askari akamwambia, "Weka chini, mama. Hiyo ni ushahidi."

Tata aliweka chini jembe, akachukua debe, akaelekea mtaroni. Alipopita karibu nami alinisalimu kama siku zote. Afadhali angenitukana.

Ijumaa asubuhi nilimkuta baba zizini. Nikasema, "Shuleni hawakunifundisha vile."

"Walikufundisha vipi?"

"Kuukata mlima."

Alimaliza kufunga kamba. Kisha akanipa jembe, akasema jogoo awe yule wangu mwekundu.

Nilishuka na jogoo kwapani.

"Wewe ndiye mwenye udongo?" aliuliza askari, akisimama wima.

"Ndiyo."

"Sista!" dereva mmoja alipiga kelele. "Hiyo jogoo ni mahari? Mimi niko tayari!"

Masikio yalinichoma. Tata alikuwa anatoka mtaroni na debe lake, nikamkabidhi jogoo wake. Askari hakuwa na karatasi, akaniomba daftari, akaandika kwamba nimekabidhiwa udongo wangu wote ukiwa katika hali nzuri. Nikatia sahihi, nikapanda matopeni, nikachimba mbele ya malori yote mpaka maji yakatoka.