Sensa ya Gari la Mikate

Fundi wa umeme wa magari alirudi gereji siku iliyofuata mazishi ya dada yake. Mume wa fundi alimsihi apumzike kwanza. "Nikipumzika nitafanya nini?" akajibu, akavaa ovaroli. Wenzake walimpa pole mmoja mmoja, naye akaitikia "nimeshapoa" kama mtu anayeitikia hodi ya jirani.

Kabla ya adhuhuri aliingia dereva wa gari la mikate, mteja wa siku nyingi, mtu wa maneno mengi. Hakuwa na habari za msiba.

"Fundi, gari linakimbia lakini mshale wa spidi umelala kwenye sifuri kama mkwe mgeni! Gia zinaingia kwa kishindo, mikate inaruka. Nikipunguza mwendo, injini inazima."

"Sensa ya mwendo," alisema, akajilaza chini ya gari.

"Ndiyo mdudu gani huyo?"

"Imekaa hapa kwenye giaboksi. Ndani kuna gurudumu lenye meno, linazunguka gari likitembea. Kila jino likipita, sensa inapeleka umeme kidogo kwenye kompyuta ya gari. Kompyuta inahesabu, inajua mwendo. Isipopata kitu inadhani umeegesha, basi gia zinavurugika."

"Kumbe! Na dada yako je, yule mcheshi? Hajambo?"

Spana ilisimama.

"Hajambo."

Alingoja neno lile limuume. Halikumuuma. Akaendelea kulegeza bolti.

Sensa ilitoka na ndevu za unga wa chuma. Akaifuta, akaipima: kimya, waya wa ndani umekatika. Akafunga mpya, wakaingia barabarani kulijaribu gari. Mshale ukapanda, gia zikaingia taratibu, dereva akapiga makofi.

"Msalimie dada!"

"Zimefika."

Kesho yake dereva alirudi kwa miguu, kofia mkononi. Alimkuta fundi amejikunja chini ya dashibodi ya gari jingine.

"Nimeambiwa jana jioni. Mbona hukusema, fundi?"

Alifikiri kidogo. "Sijui. Kila mtu hapa ananong'ona nikipita. Wewe ulikuwa unacheka."

Dereva akaiweka kofia juu ya boneti.

"Nishikie tochi," fundi akamwambia. "Juu kidogo. Hapo hapo."

Akamshikia mpaka kazi ikaisha.