Mtamba Aliyekufa Sugoi Bado Anadaiwa Munyaka

Ukungu bado umelala juu ya mabati ya soko la Eldoret wakati Ester Wahu anapovua gunia lililofunika cherehani yake. Anatia mafuta kwenye vyuma, anafuta gurudumu kwa kitambaa, kisha anapulizia vidole vyake pumzi ya moto. Mwezi huu wa Februari 1986 jua hupiga mchana, lakini asubuhi huuma.

Kabla hajakaa, Kavetsa, muuza ndizi wa barazani hapo, amekwisha kumwekea kikombe cha chai kando ya mguu wa cherehani. Hufanya hivyo kila siku.

Mteja wa kwanza ni mwalimu kijana. Amejifunga sweta kiunoni na anatembea kwa hatua fupi fupi.

"Mama Githinji, niokoe. Suruali imepasuka na kengele inakaribia kulia."

"Kwani ulikuwa unaruka ua la nani?" anauliza Wahu.

"Mpeleke darasani hivyo hivyo," anadakia Kavetsa. "Leo afundishe akiwa ameegemea ubao."

Watu wanacheka, na mwalimu pia. Kavetsa anamshikia kanga ajifunge, na muda si muda suruali inarudi ikiwa imeshonwa. Wahu anapokea shilingi tatu. Siku njema humpa shilingi arobaini, na siku mbaya kumi. Januari, shule zinapofunguliwa, ndipo hupumua kidogo, hasa tangu darasa la nane lilipoongezwa katika shule za msingi mwaka jana na wazazi wakalazimika kushonesha sare mpya.

Wahu, mwenye miaka hamsini na miwili, amemlea Githinji, mwanawe wa pekee, kwa cherehani hii. Sasa kuna watu wanaosema bado hajamaliza kuilipa.

Cherehani ilitoka Sugoi, kwa Mzee Kimeli, mkulima wa mahindi. Mwaka wa 1979 alimnunulia mkewe Sarah, lakini Sarah hakuipenda.

"Uzi ulikuwa unakatika kila saa," anakumbuka Sarah. "Nikamwambia mzee, mimi nipe jembe, hii kelele mpe mtu mwingine."

Wahu, rafiki yake Sarah, aliitaka lakini hakuwa na fedha za kuinunua. Mzee Kimeli alimwambia aichukue aanze kazi, na siku akiweza amletee mtamba mmoja. Hawakuandikiana. Walipeana mikono mbele ya Sarah, wakanywa maziwa, na Mzee mwenyewe akaipakia cherehani kwenye trela la trekta lake, akaipeleka hadi Munyaka, mtaa anakoishi Wahu, bila kudai nauli.

Wahu alinunua ndama, akamfuga nyuma ya nyumba kwa majani ya viazi vitamu na maganda aliyopewa na majirani. Mwaka wa 1981 ndama alikuwa amekuwa mtamba. Wahu na mwanawe walimswaga kwa miguu hadi Sugoi. Mzee Kimeli alimtazama meno na mgongo, akamsifu, akamfungulia boma.

"Nilirudi nyumbani nikiwa mwepesi," anasema Wahu. "Nilisema, sasa hii cherehani ni yangu."

Wiki tatu baadaye mtamba alikula majani mabichi yenye umande, akafura tumbo, akafa. Kesho yake Sarah alifika Munyaka na mzigo. Mumewe alikuwa amemtuma alete mguu mmoja wa nyama, na ngozi yote, ikiwa imekunjwa na kufungwa kamba.

Wahu alilia. Aliona ni watu gani hawa, wamepata hasara na bado wanamkumbuka yeye. Aliwagawia jirani zake nyama. Ngozi aliikausha, akaiuza kwa wanunuzi wa mjini, akamnunulia Githinji viatu.

"Hata mimi nilikula hilo deni," anasema Kavetsa. "Mguu ulikuwa mnono, siwezi kudanganya."

Kilichomponza Wahu ni ile ngozi.

Mzee Kimeli alifariki mwaka wa 1984. Mwaka uliofuata Isaiah, mwanawe wa kwanza, alianza kukusanya ng'ombe wa mahari ya ndugu yake. Wazee wa ukoo walipohesabu ng'ombe walio nyumbani na walio kwa watu, mmoja aliuliza, "Na mtamba wa yule mama wa Munyaka, alilipwa?"

Isaiah alikuja mjini akaketi kwenye kigoda kando ya cherehani. Alisema kwa sauti ya chini, maana wateja walikuwapo, kwamba nyumba yao bado inamdai mtamba.

"Nilidhani anatania," anasema Wahu. "Nikamwambia, Isaiah, si nilileta mimi mwenyewe kwa miguu yangu? Akaniambia, ulileta, mama, lakini alikufa akiwa wako."

Shauri lilipelekwa kwenye kokwet, baraza la wazee wa kijiji. Wahu alikwenda peke yake. Alipofika, Isaiah ndiye aliyemletea kiti, na upepo ulipoanza akavua koti lake akampa.

Mzee Kipngetich, aliyeongoza kikao, anaeleza mila yao kwa subira. Mtu akiwa na ng'ombe aliyeletewa na mwenzake na ng'ombe huyo akafa mapema, ngozi ndiyo husema alikuwa wa nani. Ukiona hasara ni yako, unabaki na ngozi. Ukiona ng'ombe alikuwa bado wa mwenzako, unampelekea ngozi aone kwa macho yake kwamba hukumuuza. Akiipokea akanyamaza, amekubali.

"Mtoto wa hapa kwetu angeikataa," anasema Mzee Kipngetich. "Angesema, rudisha ngozi yenu, mimi nilishalipa. Mama yeye alisema asante."

Wahu alijitetea. Yeye si wa kabila lao; kwao, alisema, nyama ikiletwa nyumbani kwako ni wema, na mtu haukatai wema mlangoni. Aliwauliza wazee: kama Mzee Kimeli alikuwa anamdai, mbona alikuja sokoni miaka mitatu mizima, akanywa chai, akauliza habari za Githinji, na hakutaja mtamba hata siku moja?

"Mzee wa heshima hamdai mama mbele ya watu," alijibiwa. "Anangoja."

Sarah aliulizwa mumewe alikusudia nini. Angeweza kusema neno moja la kumwokoa rafiki yake, au neno moja la kumtajirisha mwanawe.

"Hakuniambia," alisema. "Alikunja ngozi, akafunga kamba, akasema peleka Munyaka. Mimi ni mke, sikuuliza. Siwezi kumwekea maneno kinywani sasa hayuko."

Kisha wazee wakamgeukia Wahu. Ngozi aliipokea kweli? Wakati ule hapakuwa na shahidi wa ngozi isipokuwa Sarah, ambaye hakuwa ametajiwa iliishia wapi. Wahu alisema aliipokea, na akasema aliiuza, na akataja viatu.

Uamuzi ulikuwa alete mtamba mwingine. Asipomleta, cherehani irudi Sugoi. Wazee waliona alivyoinamisha kichwa, wakampa muda hadi mavuno ya mwaka wa 1987. Isaiah alimsindikiza hadi barabarani akasimama naye mpaka gari likapatikana.

"Mimi sikumwita mwizi," anasema Isaiah. "Ningemwitaje? Suruali yangu ya sekondari alishona yeye. Lakini baba aliacha mambo jinsi alivyoyaacha, na wadogo zangu wananitazama mimi."

Wahu bado hajakubali kwamba anadaiwa. Analisema hilo waziwazi, na wengi sokoni wako upande wake. Wapo waliomshauri apeleke kesi kwa chifu, au mahakamani. Amekataa, kwa sababu kuna jambo linalomsumbua kuliko mtamba.

"Mimi nilikuwa namwona Kimeli akija, nafurahi," anasema, akishika kitambaa bila kukishona. "Nampa chai, tunacheka. Sasa nafikiria, labda kila akikaa hapo alikuwa anangoja mimi nianze. Labda alikuwa anarudi nyumbani akisema, huyu mama leo pia hakusema kitu. Ama labda alikuwa amekuja kunywa chai tu. Sitajua. Ningemuuliza siku moja tu. Kuuliza kungenigharimu nini?"

Sarah naye anasema hivyo hivyo akiwa Sugoi: angemuuliza mumewe alipokuwa akifunga ile kamba. Wanawake hao wawili hawajatembeleana tangu siku ya kikao, ingawa kila mmoja humuulizia mwenzake kwa watu wanaopita. Krismasi iliyopita Sarah alimtumia Wahu debe la mahindi. Wahu alilitazama kwa muda mrefu kabla ya kulipokea.

"Niliogopa," anakiri, akicheka kidogo huku macho yamelowa. "Nilimuuliza aliyelileta, hii ni zawadi ama ni kitu kingine? Akaniona nimechanganyikiwa."

Ilikuwa zawadi.

Mwezi wa Oktoba mwaka jana Wahu alinunua ndama jike kwa shilingi mia sita, akiba yake yote pamoja na mia mbili alizokopeshwa na Kavetsa, asiye na haraka ya kulipwa. Mtamba mzima angemgharimu zaidi ya elfu mbili, kwa hiyo ameamua kulea tena. Jioni hupita kwa wauza mboga kuokota majani yaliyobaki, nao siku hizi humwekea kando kabla hajafika.

Mahindi yakivunwa mwaka ujao, anasema, atamswaga mwenyewe hadi Sugoi, magoti yakimruhusu. Atamwomba Mzee Kipngetich awepo, na Isaiah na ndugu zake, na Sarah akae karibu naye. Hataondoka bomani haraka kama mara ya kwanza.

"Nitashika kamba, siiachi bado," anasema Wahu. "Nitawauliza wote, kwa sauti, hata kama ni aibu: huyu akifa kesho, amekufa akiwa wa nani? Wakinijibu, hapo nitaiachilia. Halafu nitamwambia Sarah, twende ndani, nipikie chai."