Viazi vya Mbwa

Binti yangu husifiwa kwa adabu yake ya mezani. Hata leo, naye ni mama wa watoto wakubwa anayekaa Makongeni, ukimwandalia chakula atanyoosha mgongo, aweke mikono mapajani na kungoja mpaka mtu aseme, "Haya, tuanze." Wakwe zake wamenipongeza kwa hilo zaidi ya mara moja. Huwa nasema asante na kuuliza habari za mvua. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na aliyeviunda ni mimi.

Wakati wa emajensi, vita vya Mau Mau, nilikuwa mke mchanga. Mume wangu alikuwa amepelekwa kizuizini, mji wetu umechomwa, nasi tukahamishiwa kijiji kimoja kikubwa karibu na Ruiru, chenye handaki pande zote na lango moja lililolindwa na homgadi, askari wenyeji wa serikali. Nilikaa na mama mkwe wangu pamoja na huyo binti, ambaye hakuwa ametimiza miaka miwili. Kutoka langoni kulihitaji barua, na barua iliandikwa na tajiri, yaani mwenye kazi. Yangu ilitoka kwa mzungu mwenye shamba la kahawa ng'ambo ya mto. Bila hiyo barua ningebaki kuchimba handaki na wenzangu tangu asubuhi mpaka jioni, bila kitu cha kuleta nyumbani.

Kazi yangu ilikuwa kwenye meza za waya, zile ndefu za kuanikia kahawa iliyooshwa. Unatembea kando ya meza ukigeuza kahawa kwa viganja, unatoa mbovu, unarudi ulikotoka. Ni kazi ya miguu na macho. Niliipenda kwa sababu haikuwa na maneno mengi.

Siku moja mke wa tajiri, memsahib, alikuja mezani akiwa na kikapu cha viazi vitamu na mbwa wake watatu nyuma. Wawili walikuwa wakubwa, rangi ya udongo, wenye mstari wa nywele zilizosimama mgongoni. Wa tatu alikuwa jike mzee, mnene, anayepumua kwa shida. Daktari wa mifugo wa Thika alikuwa amemwambia kwamba yule mzee anauawa na mafuta ya nyama, na kwamba kati ya mlo na mlo apewe mboga na matunda yaliyokaushwa. Memsahib alizungumza kile Kiswahili chao cha mashambani.

"Wewe najua kausha kahawa," akaniambia. "Sasa kausha hii. Ya mbwa."

Nikakausha kama kahawa, na hapo ndipo nilipokosea. Kahawa huianika asubuhi, na saa sita huifunika magunia, maana jua kali hupasua ganda lake; huifunua tena likipoa. Nami saa sita ilipofika nikavifunika viazi vya watu kwa uaminifu mkubwa. Vikatoa jasho chini ya gunia, na siku ya tatu vikaota ukungu. Memsahib alivitupa shimoni mwenyewe, akaniuliza kama kwetu hatujawahi kukausha chakula. Hilo swali liliniudhi. Mimi nimezaliwa Gatuanyaga, kwenye ukame, na mama yangu alikuwa akikausha malenge na majani ya kunde juu ya mwamba kabla memsahib hajajua Ruiru iko upande gani. Lakini nilipoona zile meza za waya, mikono ilifuata desturi ya waya. Nikarudi kwenye kahawa yangu. Barua yangu ilikuwa kwake.

Mara ya pili nilifanya kama mama. Viazi nilivipitisha kwenye mvuke kidogo tu, visilainike, kisha nikavikata kwa urefu, vyembamba, umbo la ulimi. Nikavianika bila kufunika, nikavigeuza kama chapati, na jua lilipoanza kulegea nikaviingiza ghalani kabla ya umande. Siku ya tatu vilikuwa tayari: ukikunja kimoja, kinapinda na hakivunjiki, na ukikiweka shavuni hakina ubaridi. Baada ya viazi tukaja kwenye malenge, karoti, papai, na mananasi ambayo memsahib aliyaleta kwa gari kutoka Thika. Nanasi lilinisumbua kwa maji yake. Lilitaka jua la siku tano na kufukuza nyuki. Chumvi, hapana. Sukari, hapana. Kitunguu ni sumu kwa mbwa, kisikaribie hata kisu. Vyote nilivitia kwenye mkebe mkubwa wa biskuti wenye kifuniko kigumu.

Kuwagawia mbwa nako kukawa kazi yangu, saa nne asubuhi na saa nane. Memsahib alikuwa mkali sana hapo. Mbwa wake hawakuruhusiwa kuchukua kitu mkononi mwa mtu mpaka waambiwe. Waliamrishwa kwa Kiswahili, kwa kuwa sisi ndio tuliowalisha. Keti. Wanaketi, wote watatu kwa mstari. Ngoja. Wanatazama mkono wako, hata yule mzee anasahau kukohoa. Haya. Hapo ndipo wanakula. Ukisahau kusema haya, wataketi hapo wakikutazama mpaka mate yafike chini. Baada ya mwezi mmoja walikuwa wakinifuata mimi kuliko tajiri. Mkono mtupu haulambwi, na wangu haukuwa mtupu.

Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Maziwa yangu yalikauka tulipohamishwa, na binti yangu akakataa uji wa unga wa mgao, ule mchungu. Alikonda mikono, miguu ikavimba, nywele zikawa nyepesi na rangi ya vumbi. Aliacha kulia. Watu hufikiri mtoto anayelia ndiye wa kuhofiwa, lakini wanakosea. Mama mkwe alimbeba kutwa nzima akimwimbia, na nikirudi ananikabidhi bila kunitazama usoni. Niliogopa sana siku zile. Nilifanya kazi yangu sawasawa na sikuwaambia watu, lakini kila jioni nikikaribia nyumba nilisikiliza kwanza kama kuna msiba.

Basi nikaanza kuchukua. Kwanza maganda, ambayo memsahib alikuwa amesema ni yangu, na nikajifunza kumenya kwa unene. Kisha ncha za vipande. Kisha vipande vyenyewe, vitatu vinne kwa siku, nimevifunga kwenye kitambaa kiunoni. Ni wizi, siutafutii jina lingine.

Binti yangu alivipenda tangu siku ya kwanza. Kipande kikavu hukaa mdomoni muda mrefu, na mtoto mwenye meno machache anaweza kukifyonza mpaka kilainike. Nilimketisha mbele yangu nikampa kimoja kimoja, maana akivibugia alikuwa akitapika. Siku moja mama mkwe akaniuliza mbona namsemesha mtoto kwa Kiswahili. Nyumbani hatukusema ila Kikuyu.

"Kiswahili gani, Maitu?" nikamuuliza. Nilidhani uzee unamchezea masikio.

Hakuendelea na hayo maneno, nami sikuyawaza tena.

Alasiri moja homgadi wa langoni akanipapasa kiunoni na kukuta kile kitambaa. Alikuwa kijana wa ukoo tuliopakana nao zamani, ananijua, na mama mkwe wangu alimjua tangu anatambaa. Akakifungua, akavitazama vile viazi, na uso wake ukabadilika. Ni lazima nieleze. Siku zile chakula kikavu hakikuwa chakula tu. Ni chepesi, hakiozi, hakihitaji moto wala moshi, kwa hiyo ni chakula cha mpiganaji aliye msituni. Kuna wanawake wa kijiji chetu waliochukuliwa kwa kukutwa na hindi moja la kuchoma, na mimi mume wangu alikuwa tayari kizuizini.

"Hii ni ya nani?" akauliza.

"Ni ya mbwa."

"Mbwa gani anakula viazi?"

"Wa memsahib."

"Na inaenda kijijini kufanya nini?"

Nilikuwa na kama pumzi moja ya kufikiri. Nikisema ni ya mtoto, nimeiba; barua inakwenda, na vipande vinakwenda nayo. Nikinyamaza, naitwa mlishaji wa msitu. Nikasema, "Nina mbwa nyumbani. Nampelekea."

Alijua sina mbwa. Kijiji kizima hakikuwa na mbwa. Akanirudisha shambani, yeye nyuma na bunduki yake, mimi mbele.

Memsahib alikuwa barazani. Kabla homgadi hajamaliza kusalimu, wale mbwa watatu walikuja mbio, wakamzunguka, wakanusa kile kitambaa mkononi mwake, na bila kuamriwa na mtu wakaketi mbele yake kwa mstari. Wakautazama mkono wake. Kijana wa watu akabaki hapo na bunduki yake, hajui afanye nini. Ningecheka kama ingekuwa siku nyingine.

"Hii ni chakula ya mbwa kweli," kijana akasema polepole.

"Ndiyo," memsahib akasema.

"Huyu mama anasema iko na mbwa nyumbani."

Memsahib akanigeukia. Sijui aliona nini. Akasema, "Mimi nimempa." Hakuwa amenipa. Homgadi akanirudishia kitambaa changu, akatoa saluti, akaondoka. Mpaka leo sijui kwa nini wawili wale, kila mmoja kwa wakati wake, waliamua kuuacha uongo wangu upite.

Kisha memsahib akaanza kuniuliza habari za mbwa wangu. Kwa mbwa alikuwa na subira ambayo sikuwahi kumwona akiitumia kwa watu.

"Iko kubwa?"

"Ni mdogo. Jike."

"Nzima?"

"Si mzima, memsahib. Amekonda, miguu imevimba. Nywele zinang'oka."

"Nakula nini?"

"Uji wa unga. Anaukataa."

Akanitazama kama mtu aliyenikuta nikipiga mnyama. Akasema unga mtupu ni kuua mbwa, na kwamba huyo wangu anataka yai na maziwa, yai moja kila siku mpaka nywele zirudi. Akaingia ndani akatoka na mayai yaliyofungwa kwa gazeti, na chupa ya maziwa yaliyotolewa mafuta. Na tangu siku hiyo kila asubuhi aliniuliza mbwa wangu ameamkaje, nami nikamjibu ukweli mtupu. Amekula. Hajatapika. Leo amesimama. Uvimbe umepungua. Tulizungumza hivyo karibu miezi minne. Nilimwita mwanangu mbwa kila siku ya kazi, na kila siku ya kazi mwanangu akanenepa. Kanisani Jumapili nilishindwa kujua nitubu nini hasa. Nilimshukuru yule mwanamke na nilimchukia, na vyote viwili vilikuwa vya kweli.

Nywele zikarudi, nyeusi. Siku moja memsahib akasema, "Kesho leta mbwa yako. Mimi nataka ona."

Sikulala vizuri. Ningesema mbwa amekufa, lakini mayai yangekufa pia, na sikuweza kumtamkia mwanangu kifo kwa kinywa changu. Asubuhi nikamfunga mgongoni. Langoni yule kijana alitutazama, akafungua njia bila kuomba barua. Nilikuwa nimeamua kusema ukweli wote na kupokea litakalokuja.

Saa nne nilikuwa uani nyuma ya jikoni, binti yangu amesimama kando yangu ameshika gauni langu. Memsahib akatoka na mkebe wa biskuti mkononi na mbwa wakamfuata. Akamwona mtoto. Akatazama nyuma yangu akitafuta mbwa, kisha akamtazama mtoto tena, nywele, miguu, na nikaona anaelewa. Nikafungua kinywa nianze yale niliyopanga.

Memsahib akafungua kifuniko. Mbwa wakaketi kwa mstari. Binti yangu akaachilia gauni langu, akaenda mwisho wa mstari, kando ya yule mzee mnene, akaketi. Alinyoosha mgongo. Aliweka mikono mapajani. Hakuna aliyemwambia kitu. Ndipo nikayakumbuka maneno ya mama mkwe, na nikajua ni Kiswahili gani nilichokuwa nikimsemesha mwanangu kila jioni, nimechoka, bila hata kujisikia.

Yale niliyopanga kusema yote yalinitoka kichwani. Memsahib akachukua kipande cha kiazi, akainama, akampelekea mtoto karibu kabisa na mdomo. Mtoto hakukigusa. Alikitazama, akakimezea mate, kisha akageuza uso akanitazama mimi.

Memsahib naye akanitazama. Sikutaka kulisema lile neno, ningetoa chochote nisiliseme, lakini mtoto alikuwa na njaa na hangekula bila hilo.

Nikasema haya, na wote wanne wakala.