Ugali wa Makaa ya Mawe

Ilianza Jumamosi, saa nne kamili asubuhi, baba mdogo alipoingia kwa bibi amevaa helmeti. Alitoka nayo Bunda, na nina hakika hakuivua njia nzima.

Mimi nasoma Kigera, ila wikendi naendaga kwa bibi. Ana shamba la mihogo kando ya ziwa, na katikati yake kuna shimo la dhahabu la Wazungu. Walifuata mshipa wa jiwe jeupe, dhahabu ilipokatika wakafunga virago, wakatuachia popo na lundo la mawe meusi. Baba yake bibi alikuwaga kibarua mle shimoni. Hata asante hakuambiwa.

Sasa baba mdogo alikuwa ameamua kwamba yale mawe meusi ni makaa ya mawe. Mihogo ing'olewe yote kesho yake, achimbe. Mihogo yenyewe ndiyo chakula cha bibi cha mwaka mzima.

"Mama, unalima juu ya utajiri kama kipofu!"

"Nalima juu ya mawe, mwanangu. Nayajua, yameshanivunjia majembe."

Kwetu shauri la shamba halikatwi na watu wenye njaa. Wazee wakiitwa, kwanza wanakula. Basi bibi akaita wazee wa jirani, akasema ugali wa siku hiyo upikwe kwa hayo makaa yake.

Injinia wetu akapanga mawe jikoni, akamwaga mafuta ya taa, akawasha kiberiti. Moto ukaruka.

"Yameshika! Si mnaona? Yameshika!"

Mafuta yakaisha, moto ukalala. Akamwaga tena. Ukaruka, ukalala. Maji ya ugali yalikuwa vuguvugu kama ya kuogea mtoto, na wazee walishaanza kupiga miayo.

"Makaa ya daraja la juu hayana haraka," akasema.

Darasani hata nikijua jibu natazamaga dawati. Lakini nilikuwa na njaa.

"Bamdogo, makaa ya mawe ni miti ya zamani iliyofukiwa. Mawe ya huku yalikuwepo kabla dunia haijaota hata mti mmoja."

"We ulikuwepo?"

"Hapana. Hata miti haikuwepo."

Mzee mmoja alicheka mpaka akashikilia mbavu. Bibi akahamishia sufuria kwenye mafiga, akachochea kuni, ugali ukaiva. Tukala na sato. Walipomaliza kunawa, wazee wakasema mihogo ibaki, na shimo libaki la popo. Baba mdogo, aliyekula kuliko wote, akavua helmeti.

Jumapili asubuhi nilimkuta mlangoni akifunga kamba za viatu, anarudi kwake. Mtu mzima na ndevu zake, akaniinamia:

"Shikamoo, mwalimu."

Nikatazama chini, kama kawaida yangu. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Marahaba." Halafu nikaenda kupalilia mihogo, haraka, kabla hajaongeza neno.